Sanda Tumeiweka, Neno Hatujalisema



Ndugu zangu katika imani, wengi wetu hapa Pwani hatuogopi kujiandalia mauti. Wako mahujaji waliorudi na sanda zilizochovywa katika maji ya zamzam, na mke anajua ya mumewe imekunjwa sanduku gani. Lakini muulize mke huyo: mumeo akifariki, angeridhia figo zake au vioo vya macho yake apewe mgonjwa? Hajui. Halijapata kunenwa.

Na litakapoulizwa, litaulizwa kwa haraka. Maiti wetu hatumlazi. Aliyefariki alfajiri aghalabu huswaliwa baada ya adhuhuri. Viungo navyo havingoji. Figo na ini aghalabu hutolewa damu ingali ikizunguka, mgonjwa akiwa kwenye mashine katika chumba cha mahututi. Kioo cha jicho husubiri saa chache tu. Daktari humjia mjane ambaye hata eda hajaianza kuihesabu, na kumtaka jibu.

Humjia yeye hasa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kutoa viungo vyake kwa wasia, kwa waraka uliotiwa saini pamoja na mashahidi wawili, au hata kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Asipoacha neno, wa kwanza kuamua ni mume au mke, kisha mtoto mkubwa, kisha wazazi. Kwetu tumezoea mashemeji na wajomba kusimama mlangoni na kuamua, bibi mwenyewe akiwa ndani analia. Lau marehemu angalisema, ugomvi huo usingezuka, wala mama huyo asingeishi akijiuliza kama alimtendea mumewe haki.

Upande wa dini, wanavyuoni wamekhitilafiana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, lilijuzisha kumpa mgonjwa kiungo cha maiti ikiwa uhai wake, au kazi ya lazima ya mwili wake, inategemea kiungo hicho, na ikiwa marehemu mwenyewe aliruhusu, au warithi wake wameruhusu. Kuuza ni haramu. Wako maulamaa, hasa wa Bara Hindi, waliokataa kwa hoja kwamba mwili ni amana na maiti ana heshima yake. Wapo pia wasiokubali kwamba aliyekufa ubongo amekufa, maadamu moyo unapiga. Kila nyumba na imwendee sheikh inayemwamini.

Hivyo basi simwambii mtu akubali. “Mimi sitaki niguswe” nalo ni jibu, na lina haki ya kuheshimiwa. Huwapumzisha watoto sawasawa na ndiyo. Ninachokihofia ni kimya, na wagonjwa wetu wa figo wanaofungwa kwenye mashine saa nne, mara mbili au tatu kwa juma, wanastahiki japo swali hilo liulizwe.

Basi usiku mmoja baada ya isha, vikombe vya kahawa vikiwa bado mkekani, baba au mama na aanze: “Mimi nikifa, nataka hivi.” Wawepo mashahidi wawili, na liandikwe pale pale penye wasia wa deni na amana za watu. Binti aliyeolewa mbali naye aitwe asikie, si kaka zake peke yao.