Keki ya Noeli na ndugu aliyeacha pombe



Majilio yanapokaribia, vikundi vingi vya vijana katika parokia zetu za Lubumbashi huanza kuchanga pesa kwa ajili ya sherehe ya Noeli. Pamoja na wali na kuku, wengi hupenda kuandaa keki ya matunda, ile ambayo nyumbani tunaiita gato. Ndipo huzuka swali: matunda tuyaloweke katika kileo gani? Mmoja hutaja romu, wa pili divai nyekundu, wa tatu bia, na mwenye kushika mfuko wa kikundi husema kwamba lutuku ni ya bei rahisi kuliko vyote. Swali hilo laonekana kuwa la jikoni tu. Mimi naliona kuwa swali la mapendo, na jibu langu nalitoa mapema: keki itakayogawanywa kwa kikundi kizima iandaliwe bila kileo chochote.

Tukitendee haki kwanza kileo chenyewe. Wapishi hawakukitia katika keki ili watu walewe. Zabibu kavu zikilowekwa katika romu huvimba na kulainika; kileo huchukua harufu ya mdalasini na ya maganda ya machungwa na kuieneza katika keki yote; tena, pamoja na sukari, huizuia isiote ukungu kwa majuma kadhaa. Wala Kanisa halikufundisha kamwe kwamba divai ni kitu kichafu. Kule Kana, Yezu aligeuza maji ya mitungi sita kuwa divai. Mtakatifu Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inatuonya tujiepushe na kupita kiasi. Basi asitokee mtu wa kumwita mdhambi mama anayetia vijiko viwili vya romu katika keki ya nyumbani kwake.

Lakini vileo havilingani. Lutuku, ambayo ndugu zetu wa Kinshasa huiita lotoko, hupikwa bila kipimo. Anayeinunua hajui nguvu yake wala kilichomo ndani. Pombe kali ya namna hiyo yaweza kuwa na metanoli, sumu isiyoonekana kwa macho, ambayo huleta upofu na hata kifo. Kusema hivyo si kuwadharau akina mama wanaoipika. Wengi wao hulipa masomo ya watoto kwa pesa hiyo, na huenda baadhi yenu mmesoma kwa jasho lao. Kikundi kinachotaka kuwasaidia kinunue kwao mayai, karanga na maembe, ambayo mwezi wa Desemba hayakosekani.

Wengine hujitetea wakisema kwamba moto huondoa kileo chote. Hilo si kweli. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba kileo kilichochanganywa katika chakula na kuokwa kwa nusu saa hubaki kiasi cha asilimia 35. Baada ya saa moja hubaki asilimia 25. Na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Na wale wanaoinyunyizia keki romu baada ya kuitoa motoni hawapunguzi kitu kwa moto: sehemu kubwa ya walichomimina hubaki ndani.

Ni kweli kwamba kipande kimoja hakimleweshi mtu mzima mwenye afya. Lakini mezani petu haketi huyo peke yake. Wapo watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Wapo majirani tunaowaalika, Waislamu na Wakimbangu, ambao dini yao inawakataza kileo. Na yupo yule kijana aliyeacha pombe mwaka huu, baada ya kuwaliza wazazi wake kwa muda mrefu. Kwake yeye, harufu na ladha peke yake zaweza kuiamsha kiu aliyoipiga vita siku kwa siku. Keki yenye romu humpa njia mbili, zote chungu: ale na kuhatarisha ushindi wake, au akatae na kulazimika kueleza sababu mbele ya wote, usiku wa Noeli. Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Aliyewahi kulimaliza buyu hahitaji tumwekee kijiko mkononi.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Waroma, katika sura ya 14, kwamba yafaa kuacha nyama na divai ikiwa vinamkwaza ndugu. Hakusema kwamba nyama na divai ni vibaya. Alisema kwamba ndugu ana thamani kuliko haki yangu ya kula na kunywa.

Tena Kanisa lenyewe limetupa mfano altareni. Kanuni 924 ya Sheria ya Kanisa yadai kwamba divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Hata hivyo, barua ya Julai 2003 iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, inamruhusu padri asiyeweza kutumia kileo kuomba kibali cha mkubwa wake wa Kanisa, naye akaadhimisha kwa mustumu, yaani maji ya zabibu mabichi, au yaliyohifadhiwa yasichachuke bila kubadilishwa asili yake. Kanisa halikumwambia padri huyo ajikaze. Lilimtafutia njia ya kukaa mezani pa Bwana pamoja na wengine. Ikiwa kwa Ekaristi mlango huo ulifunguliwa, je, tutaufunga kwa keki?

Kuna na jambo la kawaida kabisa. Chupa ya romu ina mililita 700 au 750. Keki yaweza kutumia 100. Zinazobaki zitanywewa na nani, saa ngapi, katika ukumbi wa parokia tarehe 24 Desemba? Anayejibu kwamba zitatunzwa mpaka Noeli ijayo hajawahi kukesha na vijana.

Keki bila kileo si keki ya huzuni. Nusu kilo ya zabibu na matunda mengine makavu hulowekwa usiku kucha katika mililita 300 hadi 400 za chai nyeusi kali iliyopoa, pamoja na maji ya machungwa, tangawizi iliyosagwa na mdalasini. Asubuhi matunda yamevimba, na keki hupikwa vizuri hata katika sufuria juu ya mbabula, makaa yakiwekwa juu na chini. Sharti ni moja: keki hiyo haidumu majuma. Ipikeni tarehe 23 au 24, nayo iliwe mapema. Na ikiwa familia inaleta keki yenye kileo, isemwe wazi kabla ya kugawanya, ili kila mtu achague bila kuulizwa neno.

Mtoto wa Betlehemu alikosa nafasi nyumbani mwa wageni. Sisi tunaomwimbia tuandae meza ambayo hakuna anayelazimika kuondoka ili abaki salama.

Maswali kwa mkutano wa kikundi:

1. Katika sherehe zetu, ni nani hula kwa wasiwasi au hukaa pembeni, nasi hatujawahi kumwuliza sababu?

2. Ni haki gani tunayoweza kuiacha Noeli hii kwa ajili ya ndugu mmoja tu?

3. Pesa iliyotengwa kununua chupa yaweza kumfaa nani katika parokia yetu?