Kwa Baba na Mama: Kateni Shauri Kabla ya Uchungu

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Lakini nyumba nyingi humngojea mtoto miezi tisa bila kutayarisha kitu, ila jina lake. Uchungu ukianza usiku, ndipo watu huulizana: Twende wapi? Nani atambeba? Fedha ziko wapi? Na huku wanaulizana, mama anateseka.

Katika mwaka 1994 wachunguzi wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba hatari ya wazazi hutokana na kukawia kwa namna tatu. Watu hukawia kukata shauri, hukawia njiani, tena wakiisha kufika, hukawia kupata matunzo. Hilo la tatu ni juu ya waganga. Mawili ya kwanza yako mikononi mwenu. Basi andikeni shauri lenu, bwana na bibi pamoja.

1. Siku. Shikeni siku ya kwanza ya damu ya mwezi ya mwisho, mkaongeze siku 7 na miezi 9. Ikiwa ilikuwa tarehe 1 Februari, mtoto angojewa karibu na tarehe 8 Novemba, ingawa wengi huja kabla au baada ya siku hiyo. Kwetu Kivu, Novemba ni mvua na matope. Mama akaaye mbali afadhali asogee mapema kwa jamaa aliye karibu na hospitali.

2. Mahali. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mama apimwe mara 8, mara ya kwanza kabla ya majuma 12 ya mimba kupita. Hapo mwulizeni mkunga mahali pa kuzalia. Aliyepata kupasuliwa, au mwenye mapacha, azalie penye chumba cha upasuaji. Nawe bibi, sema ni nani unayetaka akae nawe wakati wa uchungu.

3. Safari na fedha. Patana sasa na mwenye pikipiki au gari, ama na vijana wa kubeba tipoyi. Wekeni kitu kidogo kila juma; akiba haiozi. Katika mwaka 2023 Serikali ya Kongo ilianzisha mpango wa kuzalisha bila malipo, kwanza Kinshasa. Ulizeni kituo chenu ni kipi kinacholipwa. Wako akina mama waliozuiliwa hospitalini, mtoto mikononi, kwa ajili ya deni.

4. Mzigo. Nguo safi za mama na za mtoto, sabuni, na karatasi ya kupimwa vikae pamoja karibu na mlango. Tena chagueni jamaa wawili au watatu walio tayari kutoa damu.

5. Ruhusa. Hili ndilo kubwa. Bwana, ukiwa machimboni au safarini, mke wako atangoja neno la nani? Mama yako hathubutu kuamua peke yake. Jirani naye aogopa kulaumiwa kwa ajili ya gharama. Basi sema leo, mbele yao wote: "Dalili ya hatari ikionekana, mchukueni. Msiningoje."

Na dalili ni hizi: kutoka damu, kichwa kuuma sana au macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, kifafa, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni, uchungu kupita saa 12. Hata mtoto akiisha kuzaliwa, msimwache mama peke yake. Damu ikimtoka kwa wingi, mama mwenye nguvu aweza kufa kwa muda wa saa chache. Mtu asiseme, "Ni kawaida, tungoje kuche."

Hatuwadharau mabibi wanaozalisha vijijini. Yafaa mmoja wao asikie shauri hili na kumsindikiza mama, kwa kuwa humjua na humtuliza.

Jioni hii, chakula kikiisha, ketini na kuandika. Mkiwa na mtoto wa shule nyumbani, aandike yeye kwa herufi kubwa, awasomee bibi na babu, kisha aibandike karatasi ukutani mahali ambapo kila mtu ataiona, hata usiku kwa taa ndogo.