Lori Kuukuu Linapoanza Kula Oili Ghafla

Msafiri wa Fuma huvuka bahari kwa chombo. Afikapo Kismayu, safari ya bara ni ya gari, na mara nyingi gari hilo ni lori kuukuu. Likianza ghafla kutoa moshi wa buluu, linaunguza oili. Madereva wengi huzilaumu ringi za pistoni papo hapo, na injini ikafumuliwa kwa gharama kubwa. Lakini ringi kwa kawaida huchakaa kidogo kidogo. Ulaji wa ghafla aghalabu una sababu nyingine.

Kwanza, lori lisimamishwe mahali tambarare, injini ipoe, oili ipimwe. Ikipita alama ya juu, huenda ilizidishwa. Ikiwa imeongezeka yenyewe na inanuka dizeli, au imekuwa nyeupe kama tui, injini isiwashwe tena. Pili, bomba la kupumulia injini lizibuliwe, kwani likiziba, oili husukumwa penye moto. Tatu, chujio cha hewa kikaguliwe pamoja na mipira yake; mpira uliopasuka hupitisha mchanga wa pwani, nao hula ringi upesi.

Kwa lori lenye turbo, bomba lipelekalo hewa kwenye injini likilowa oili, turbo ishukiwe. Hilo lisipuuzwe: injini ya dizeli yaweza kujiendesha kwa oili yake hata baada ya kuzimwa, mpaka ivunjike.

Yote hayo yakiwa salama, ndipo mgandamizo wa silinda upimwe. Moshi ukizidi mlimani, ringi zimechoka. Ukitoka asubuhi injini iwashwapo kisha ukatoweka, vali zinavujisha. Hapo fundi afumue, akijua anachokitafuta.