Barua ya Wazi kwa Shirika la Viwango Tanzania: Mafuta Mepesi na Mapafu ya Watoto

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Naleta mbele yako jambo linalohusu roho za watoto wetu, nami naliandika hadharani kwa kuwa wauzaji na wanunuzi wa mafuta ya taa nao wana haki ya kulisikia.

Aghalabu sumu hupimwa kwa kiasi kinachoua kikishamezwa. Na kwa mizani hiyo mafuta ya taa huonekana kuwa na madhara haba, kwani panya wa maabara hulishwa hata gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wao na walio wengi wakaishi. Hukumu hiyo ni sahihi kwa tumbo, lakini kwa mapafu ni batili. Mtoto anywaye mafuta hupaliwa, na mafuta hayo, kwa wepesi wake, hutambaa upesi hadi ndani ya mapafu, yakaharibu ule utando unaozuia vifuko vya hewa visisinyae, hata baada ya saa chache akashikwa na homa ya mapafu isiyotokana na kijidudu chochote. Mililita chache tu zaweza kutosha. Ndiyo sababu waganga hukataza kumtapisha, maana mafuta yakirudi kooni atapaliwa mara ya pili.

Kwa ajili hiyo utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, huipima hatari hii kwa mnato, yaani ugumu wa kutiririka: haidrokaboni (jamii ya mafuta haya) ambayo mnato wake hauzidi milimita mraba 20.5 kwa sekunde, katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi, huwekwa daraja la kwanza la hatari ya kupaliwa. Mafuta ya taa hayafikii hata sehemu ya tano ya kiwango hicho, na petroli ni nyepesi zaidi. Marekani, mwaka 2001, iliagiza bidhaa nyingi za nyumbani zenye haidrokaboni nyepesi za namna hii zifungwe katika vyombo ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua kwa urahisi.

Mvuke nao wastahiki kipimo chake mbali. Benzini iliyomo ndani ya petroli huleta saratani ya damu kwa mwenye kuivuta muda mrefu, na heksani ya baadhi ya gundi imewadhoofisha mishipa ya fahamu mafundi viatu wa nchi kadhaa; ilhali fundi wa gereji anyonyaye petroli kwa mpira hujitia katika hatari zote mbili, ya kuvuta mvuke na ya kupaliwa.

Kwetu mafuta ya taa hununuliwa kwa kupimiwa, yakatiwa katika chupa iliyokuwa ya maji au ya soda, kisha yakawekwa chini karibu na jiko, mahali mtoto mwenye kiu anapofika kabla ya mama yake.

Basi naliomba Shirika lako lihakikishe mambo matatu: kila haidrokaboni iuzwayo kwa matumizi ya nyumbani ipimwe mnato wake na kuainishwa kwa mujibu wake, chombo chake kiandikwe kwa Kiswahili kisomekacho, “Akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali”, na mafuta ya taa yasiuzwe tena katika chupa za vinywaji, ila katika chombo chenye kizibo cha usalama. Gharama ya kizibo ni ndogo, na wajibu wa kukiamuru ni wa wenye mamlaka.

Wako mtiifu,
Mwananchi