Mtoto Mmoja, Wazazi Wawili na Kivuko cha Likoni



Ndugu msomaji, kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijashika zamu yake. Ni zile wiki ambazo asubuhi bahari ya Likoni hutulia kama maji ya besenini, na ikifika alasiri wingu moja jeusi hutokea baharini, likatumwagia mvua ya vuli kwa muda wa robo saa, kisha jua likarudi kana kwamba hapakuwa na lolote. Huu ndio msimu wetu wa kutembea, kabla joto la Desemba na Januari halijatufungia vivulini.

Nyumbani kwetu tumejiwekea ada kwamba sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, ni siku ya matembezi ya familia. Mwaka huu tulikusudia kwenda Bamburi, kwenye bustani ya wanyama ya Haller Park, ili binti yetu mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne apate kumwona twiga. Nilikuwa nimeshajiandalia makala ya furaha juu ya twiga huyo. Makala niliyorudi nayo ni nyingine, na nimeona ni haki niiandike kama ilivyotukia, kwa kuwa huenda ikamfaa mzazi mwenzangu.

Tulianza kwa kutofautiana juu ya mambo mawili: kigari na leso. Kigari cha mtoto nilikinunua mimi mwenyewe, kina magurudumu manne na kijivuli cha rangi ya samawati, na kwa kweli nilikionea fahari. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, alikitazama, akaingia chumbani mwake, akatoka na leso kuukuu ambayo jina lake limekwisha kufutika kwa kufuliwa.

“Mwanangu,” akasema, “feri ina watu wengi. Mfunge mtoto mgongoni.”

“Mama, siku hizi mambo yamekuwa mepesi,” nikamjibu kwa adabu. “Hiki kigari kina mkanda wake.”

Hakubishana nami. Aliikunja ile leso mara nne, akaitia mkobani mwangu, chini ya nguo za mtoto, kisha akatuombea dua ya safari.

Asubuhi tulivuka salama. Mlango wa bahari wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita tu, na mtu wa miguu huvuka bila kulipa kitu, lakini kila aliyezaliwa upande huu anajua kwamba nusu kilomita hiyo haichezewi. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyokuwa imepakia watu kupita kiasi ilipinduka karibu na ufuo, wakafa watu 272. Na Septemba 2019, hapa Likoni, gari lenye mama na bintiye liliteleza kutoka kwenye feri iliyokuwa katikati ya safari, likazama, na wapiga mbizi wakachukua siku nyingi kulitafuta. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Haya tunayajua sote. Na sote, tukishavuka mara elfu moja bila ya kudhurika, huyasahau.

Bustanini, twiga alikuwapo. Alisimama kwa utulivu wake wote, akainamisha shingo, akalamba chakula mkononi mwa baba yake mtoto. Binti yetu hakumtazama hata mara moja. Alikuwa amechuchumaa njiani, amemkazia macho jongoo mweusi mnene, urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, akitembea juu ya majani makavu ya mvinje. Baba yake akamwinua, akamgeuza uso kwa twiga. Naye akalia mpaka akateremshwa arudi kwa jongoo wake.

Nilitaka kukasirika, nikakumbuka historia ya mahali penyewe. Hapo zamani palikuwa shimo la kuchimba mawe ya kutengenezea saruji, ardhi kavu ambayo haikuota kitu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti pale, na mvinje ni miongoni mwa michache iliyokubali kukua. Majani yake yalipodondoka yalilala tu bila kuoza, hata walipoletwa majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Katika udongo huo ndimo ilimoota miti mingine, na wanyama wakafuata. Kwa hiyo bila jongoo, twiga asingekuwa na mahali pa kusimama. Binti yetu alikuwa ameanza somo kutoka mwanzo wake, na sisi tulikuwa tukimvuta aanzie mwisho.

Tulimwonyesha pia makobe wakubwa wa asili ya Aldabra, tukamsimulia kisa cha Owen na Mzee. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyepoteza wenziwe kwenye mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Alipoletwa Bamburi alimkimbilia kobe mzee aliyeitwa Mzee, akajificha nyuma yake, na tangu siku hiyo akawa haachani naye, wala akila wala akilala. Binti yetu alisikiliza kwa makini, kisha akavua kiatu chake cha kushoto, akamtupia kobe. Kiatu hicho kilirudi kwa msaada wa mlinzi na kicheko cha wageni wote waliokuwapo.

Mvua ilitunyeshea tukiwa tunatoka. Ili mtoto anyamaze nikampa mabuyu, na kosa hilo nalikiri pia, kwani kokwa ya buyu si kitu cha kumpa mtoto wa miaka miwili ambaye hajui kutema. Tulizitoa mdomoni moja moja, lakini rangi ilikwisha kutoka: midomo myekundu, vidole vyekundu, gauni jeupe limekuwa jekundu kifuani. Ndani ya matatu bibi mmoja alituona, akapiga kelele, “Subhanallah, mtoto huyu ana jeraha gani?” Ikabidi niupitishe mfuko wa mabuyu kiti hadi kiti, kama ushahidi, mpaka gari zima likaridhika. Tulipofika kivukoni ulikuwa umebaki nusu.

Kufikia hapo tulikuwa bado tunacheka. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo, adhana ya Magharibi inasikika, na watu wa sikukuu wamejaa banda la kungojea mpaka nje. Kigari kilikuwa kimekunjwa, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukisukuma. Baba yake mtoto alikibeba begani. Mimi nilikuwa na mkoba na mfuko wa nguo zilizorowa. Mtoto alikuwa chini, ameshika upindo wa buibui langu. Lango likafunguliwa, umati ukateremka kuelekea feri kama maji ya mfereji, nasi tukiwa ndani yake.

Karibu na ulimi wa feri nikamgeukia mume wangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kigari. Naye aliiangalia mikono yangu.

“Si yuko nawe?” akauliza.

“Mimi nilidhani umemchukua wewe.”

Sitajaribu kueleza vilivyonipita moyoni. Nitasema tu kwamba mbele yetu palikuwa na maji, nyuma yetu watu wasiohesabika, na kwamba nililiita jina lake kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Mume wangu alikitupa kigari, akageuka kupanda dhidi ya umati. Mimi nilisimama pale pale kwenye ukingo, nikitazama maji, kwa kuwa sikuweza kutazama penginepo.

Kisha juu ya vichwa vya watu, huko nyuma, nikaona gauni lenye kifua chekundu. Kijana mmoja wa mkokoteni alikuwa amesimamisha mkokoteni wake kwa upande, ukaziba njia na kuugawa umati kama jiwe linavyogawa mto. Alikuwa amepanda juu ya mzigo wake, amemwinua binti yetu kwa mikono miwili juu kabisa, akiita, “Mtoto wa nani? Mtoto wa nani huyu?” Watu waliokuwa wakimlaani kwa kuziba njia walinyamaza, wakaanza kuita nao. Baba yake akamfikia. Baadaye kijana alitueleza kwamba alimkuta amechuchumaa katikati ya mteremko, akiokota kokwa ya buyu iliyomwanguka. Tulitaka kumpa chochote tulichokuwa nacho. Akakataa, akasema nyumbani kwake pia kuna mtoto.

Yote hayo huenda hayakuzidi dakika tatu. Feri ile hatukuipanda. Tulikaa pembeni, nikaitoa leso chini ya mkoba, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikakaza fundo kifuani kama nilivyomwona mavyaa akifanya. Alilala kabla ya feri iliyofuata kufika.

Nyumbani nilimweleza mavyaa kila kitu, nikingojea anikumbushe maneno yake ya asubuhi. Hakunikumbusha. Alikaa kimya, kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka mitano ya ndoa yangu sikupata kulisikia: kwamba mwaka 1994 alikuwa na jirani Mtongwe, rafiki wa utotoni, aliyeondoka asubuhi ile na hakurudi. “Tangu hapo,” akasema, “nikivuka na mtoto, siamini mkono. Mkono huchoka, na mkono husahau. Naamini fundo.”

Ndugu msomaji, binti yetu hakupotea kwa kukosa wazazi. Alipotea kwa sababu alikuwa na wazazi wawili, na kila mmoja alimwachia mwenziwe bila kumwambia. Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu nyumbani: mtoto ni amana, na amana hukabidhiwa kwa ulimi. Anayempokea husema, “Ninaye mimi.” Asiyesikia maneno hayo hamwachilii. Watu wawili hawamchungi kwa pamoja, kwa kuwa hapo hakuna anayemchunga.

Mengine tuliyojifunza ni madogo, nayo ni haya. Mvishe mtoto nguo ya rangi inayoonekana mbali. Sisi tuliokolewa na doa la mabuyu, lakini si vyema kulitegemea. Andika nambari ya simu yako kwa kalamu kwenye kigasha chake kabla hamjatoka. Penye msongamano, acheni watu wa haraka watangulie. Feri nyingine itakuja. Na mtoto akipotea, mmoja asimame mahali pamoja na mwingine atafute, kisha muite kwa kutaja mavazi yake, maana umati haumjui kwa jina.

Wapo watakaosema kwamba mtoto mdogo abaki nyumbani mpaka akue. Sioni hivyo. Tumepokea katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Hakumficha mtoto na watu. Ila alijua kila wakati yuko wapi. Na ni yeye aliyemfunza yule mtu kwamba amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Mimi nilitegemea bila kufunga, na Mola akanisitiri kwa mkono wa kijana ambaye hata jina lake sikuuliza. Hilo la jina linaniuma mpaka leo, na kila ninapofika kivukoni huitazama mikokoteni yote.

Kigari kilivunjika gurudumu moja kilipotupwa. Kipo uani, na kuku amekwisha kutaga ndani yake. Binti yetu akiulizwa ni nini alichokiona Bamburi, hujibu kwa neno moja tu: “Jongoo.”

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wabillahi tawfiq.