HUNDI IANDIKWE JINA LA ALIYEFANYA KAZI

Ndugu zetu wa Ganze, Vitengeni na Bamba wametuletea swali ambalo twaona halifai kujibiwa kwa mdomo tu pale ofisini, kwa kuwa lawahusu wengi. Wameuliza hivi: mtu akipewa hundi yenye jina la mwenziwe, au yenye majina mawili, je, aweza kwenda kuchukua fedha? Jibu fupi ni kwamba mara chache aweza, mara nyingi atarudi mikono mitupu, na pengine atarudi na deni.

Twaanza na yaliyowapata vibarua wanane waliojenga nyumba ya mtu mmoja upande huu. Kazi ilipokwisha tajiri alisema hana fedha taslimu, akaandika hundi moja kwa wote. Akatia majina ya wawili waliokuwa karibu naye, na katikati akaandika neno "na". Wale sita waliambiwa watagawiwa na wenzao. Kabla ya wiki kwisha mmoja wa wale wawili alikwenda Mombasa kutafuta kazi nyingine, na simu yake haikupatikana tena. Aliyebaki akashuka Kilifi na ile karatasi. Karani wa benki akamwambia, bila ubaya wowote, amlete mwenziwe. Akarudi, akalipa nauli mara ya pili, jibu likawa lile lile. Kule nyumbani wale sita walianza kunong'ona kwamba amekwisha kuzila fedha zao. Hundi ikipita miezi 6 tangu tarehe iliyoandikwa, benki huikataa. Ile ilipitwa ikiwa ndani ya sanduku.

Karani hakukosa. Sheria ya hundi tuliyo nayo Kenya imefuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, nayo yataka kwamba majina mawili yakiungwa kwa "na", wote wawili watie sahihi nyuma, isipokuwa mmoja amempa mwenziwe idhini, au ni washirika wa biashara moja. Yakiungwa kwa "au", mmoja wao atosha. Ni maneno ya herufi mbili mbili tu, lakini moja lilitosha kuwanyima watu wanane ujira wao.

Wengine hukwepa benki na kumpelekea hundi mwenye duka. Hutia sahihi nyuma, mwenye duka akakata chake na kuwapa kilichobaki. Yafaa mjue mnatia sahihi jambo gani. Anayetia sahihi nyuma ya hundi amejifanya mdhamini wake: akaunti ya tajiri ikikutwa haina kitu, mwenye duka ana haki ya kukurudia wewe akudai fedha zake. Tena hundi nyingi zimepigwa mistari miwili, maana yake zilipwe ndani ya akaunti, si mkononi. Na yale maneno ya Kiingereza yanayoandikwa baina ya mistari yasema fedha ziingie akaunti ya mwenye jina peke yake. Hundi ya namna hiyo hata mwenye duka hana la kuifanyia, na akiipokea kwa wema atakuja kugombana nawe. Kumtilia mwenzako sahihi yake bila idhini yake ni kughushi, hata kama nia ilikuwa njema, na watu hufungwa kwa kosa hilo.

Kwetu kuna taabu moja zaidi ambayo makarani wa mijini hawaijui. Mtoto hupewa jina la babu yake, basi Charo Katana humzaa Katana Charo, naye humzaa Charo Katana mwingine. Nyapara akigeuza majina, hundi ya kijana imekuwa ya baba yake, au ya babu yake aliyekwisha kufa! Na hundi ya marehemu haichukuliwi na mjane kwa kutia sahihi. Yataka hati za mirathi. Basi mpeni mwandishi kitambulisho anakili kama kilivyo. Wala msifute na kusahihisha kwa kalamu yenu. Tangu mwaka 2011 benki zapelekeana picha ya hundi badala ya karatasi yenyewe, na hundi iliyochezewa hukataliwa.

Lakini kosa halikuanza kwa vibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 17, yasema mshahara ulipwe mfanyakazi mwenyewe: kwa fedha taslimu, au katika akaunti aliyoitaja, au kwa hundi au hawala ya posta yenye jina lake. Mtu mwingine aweza kumpokelea akiwa hayupo, ikiwa yeye mwenyewe amempa idhini kwa maandishi. Kifungu hicho hicho chakataza kulipa mishahara mahali panapouzwa ulevi, basi na wale wanaoitwa mangweni siku ya malipo wasikie.

Matajiri husema kuandika hundi nane ni kazi na kila karatasi ina gharama. Ni kweli. Basi walipe taslimu, au wapeleke kwa simu, kila mtu kwa namba yake. Kupeleka mishahara ya watu wanane katika simu ya nyapara ni ile hundi moja tu imebadili nguo.

Nasi tuseme la kwetu. Madai yakimalizwa, mara nyingine hundi huandikwa kwa jina la wakili au la chama. Mwanachama ana haki ya kuonyeshwa kiasi, tarehe, na kilichokatwa, kwa maandishi. Asiyeonyeshwa aje aulize kwa sauti.

Aliye na hundi ya jina lisilo lake asitie sahihi. Airudishe upesi kwa tajiri, abaki na nakala, aombe nyingine kwa barua. Akikataliwa, aje kwetu au aende kwa Afisa wa Kazi. Hundi kupitwa na muda hakufuti deni; lakini dai la kazi lisingoje zaidi ya miaka 3, kwani baada ya hapo korti haitalisikiliza.

Wale wanane tumekwisha kuwaandikia barua. Tajiri ametaka hundi ya zamani irudishwe kwanza, na aliyekuwa nayo ameileta ofisini Jumatatu, pamoja na majina manane yaliyonakiliwa kutoka vitambulisho.