Tuanzie kwenye deni la chai

Ndugu zangu mliomo ndani ya vyama vilivyoshindwa uchaguzi, na nyinyi majirani zao, naomba leo tuzungumze kama watu wa nyumba moja.

Mnaikumbuka NCCR-Mageuzi ya mwaka 1995? Vijana walilisukuma gari la mgombea wao wa urais, Augustine Mrema, kwa mikono, na mafuta yalikuwemo. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Mrema akapata karibu asilimia 28 ya kura za urais, na chama kikapata wabunge 16 wa majimbo.

Walishindwa, lakini hawakuwa wameanguka. Mwaka uliofuata Mrema alilichukua jimbo la Temeke katika uchaguzi mdogo. Kilichokimaliza chama kile ni ugomvi wa ndani, kambi mbili kila moja ikidai ndiyo chama chenyewe. Mwaka 1999 Mrema akahamia chama cha TLP. Uchaguzi wa mwaka 2000 ukaiachia NCCR mbunge mmoja tu wa jimbo.

Sisemi haya kumtafuta mkosaji. Wote walikuwa na uchungu, na mwenye uchungu huona adui hata pale alipo ndugu yake. Nani kati yetu hajawahi kufika hapo?

Mwaka 2025, mwezi Januari, wajumbe wa CHADEMA walikutana Mlimani City kumchagua mwenyekiti. Tundu Lissu alipata kura 513, Freeman Mbowe 482. Mbowe aliyapokea matokeo hadharani na kumpongeza mwenzake. Lilikuwa jambo la kiungwana, na watoto wetu waliliona. Hata hivyo, miezi michache baadaye baadhi ya waliokuwa viongozi wakaondoka. Ndiyo maana nasema pongezi za juu ni mwanzo mwema, lakini hazitembei zenyewe hadi kwenye tawi. Kule inabidi tuzifikishe sisi.

Basi twende kwenye tawi. Bendera imepauka. Benchi lina mguu mmoja uliofungwa kamba. Katibu wa tawi hapokei simu, na aliyekuwa mweka hazina ametolewa kwenye kundi la WhatsApp. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa kwa sauti ya chini: yule ni pandikizi, alinunuliwa.

Alinunuliwa na nani? Nani alishuhudia? Mtu huyo aliingia kituoni kabla ya saa moja asubuhi akiwa wakala wa chama. Akakaa hapo kutwa nzima, usiku kura zikahesabiwa mbele ya macho yake, akatia saini fomu ya matokeo, akarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake swali la kwanza aliloulizwa na wenzake lilikuwa, "Umepewa shilingi ngapi?" Je, ungekuwa wewe, ungerudi kwenye kikao?

Neno pandikizi linatoka mdomoni kwa sekunde moja, na kulirudisha huchukua miaka. Nawaomba tusilitamke bila ushahidi, na baba au mama asilitamke mezani wakati wa chakula, maana watoto watalipeleka shuleni kwa watoto wa mwenzake.

Halafu kuna mama aliyewapikia mawakala chai na maandazi kwa mkopo. Aliamini chama, akatoa unga na sukari ya biashara yake. Uchaguzi umepita, tawi limegawanyika kambi mbili, na kila kambi inasema deni ni la kambi ile nyingine. Yeye hana kambi. Anachotaka ni pesa ya unga.

Mimi naona hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya kamati za usuluhishi na kabla ya wageni kutoka makao makuu. Daftari la michango lifunguliwe mbele ya wote. Fulani alitoa kiasi gani, posho ya mawakala ililipwa kwa nani, nini kimebaki, nani anadai. Kama kuna hesabu isiyokaa sawa, isemwe mchana, kwenye benchi lile lile, mwenye daftari akiwepo na akipewa nafasi ya kueleza. Watu wengi wakishaona hesabu kwa macho yao, hasira hupoa.

Na wewe uliyekuwa upande ulioshinda kura za maoni za kumpata mgombea wa chama, usingoje mwenzako aje kukupigia hodi. Nenda wewe. Kazini mnakutana kila siku, iwe ni kijiwe cha bodaboda, sokoni au ofisini. Mpe salamu ya kawaida. Akifiwa, beba kiti na turubai kama ulivyofanya zamani. Siasa mtaizungumza baadaye, ikibidi kwa sauti ya juu, lakini mkiwa mmekaa pamoja.

Jumamosi hii wengi mtakuwa na kikao. Kabla hakijafunguliwa, nani kati yenu atakwenda na mwenzake wa kambi ya pili kumpelekea mama yule pesa yake?